Liwali Ameanguka, Mimi Bado Niko Kazini

Vijana wangu, nasikia wawili kati yenu mmepigiwa simu kutoka nyumbani: liwali mpya amewateua muingie katika cabinet yake. Hongera sana. Mama zenu wameshapika, pasta ameshawaombea, na hizo costume mpya, koti na suruali, nimeziona, zinang'aa. Bon. Sasa kaeni kidogo, zimeni hizo simu, mnisikilize. Kazi hiyo niliifanya. Na sehemu yake ngumu kuliko zote niliifanyia hapahapa Brussels, miaka ya tisini, nchi yetu ikiwa bado inaitwa Zaire.

Sisi tunasema liwali, Watanzania wa hapa wanasema gavana. Ni yuleyule, mkubwa wa jimbo. Ofisini kwake mtakuta watu wa aina mbili, na msipowatofautisha mtaumia. Wa kwanza ni watumishi wa serikali. Hao walikuwapo kabla ya liwali na watakuwapo akishaondoka. Wanajua kila kabati na kila panya aliyemo. Wa pili ni nyinyi wa cabinet: mkuu wa cabinet, washauri, katibu, mtu wa itifaki. Nyinyi hamkufanya mtihani wowote. Liwali aliwaona, akawapenda, akatia sahihi. Kesho akiamka vibaya, anatia nyingine. Msijidanganye kwamba mmeingia kwa akili zenu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa historia. Liwali alikuja shuleni kwetu siku moja kwenye mkutano wa wazazi, akasema paa litatengenezwa. Nikasimama nikamwambia paa hilo liliahidiwa na waliomtangulia wote, na sisi bado tunafundisha chini ya miavuli. Mke wangu Feza aliposikia, alianza kufunga nguo zangu za kwenda gerezani. Badala yake likaja gari, nikapelekwa ofisini kwake.

"Weye unajuaka kubishana," liwali akaniambia. "Bon. Kuya unibishie hapa, mulango ikiwa ya kufunga. Ikifunguliwa, tunatoka pamoja."

Hapo ndipo ilipo kazi yenyewe, vijana. Mtu aliyeteuliwa na liwali ana kazi ya kumwambia hapana mlango ukiwa umefungwa. Kupiga makofi hata shabiki wa mpira anaweza. Lakini mlango ukifunguliwa, funga mdomo! Wiki zangu za mwanzo nilimsahihisha jina la mto mbele ya machifu. Alitabasamu, machifu wakatabasamu, mimi nikatabasamu zaidi ya wote. Wee! Tuliporudi aliniacha nikae korido bila kazi mpaka nikajua kwa moyo kila tangazo lililobandikwa ukutani, pamoja na lile la kukataza kutema mate.

Mambo mengine madogo, yashikeni. Ukimwandikia liwali, anza na kile unachotaka akifanye. Anasoma huku anavaa koti, hadithi ndefu ataiacha mezani. Ukiwa mshauri, usimbebee mkoba. Ukiubeba mara moja, tangu siku hiyo wewe ni mbeba mkoba na ushauri wako hausikiki tena. Kwenye karamu, kula nyumbani kwanza, maana aliyeshika paja la kuku hawezi kutoa mkono kwa balozi. Na ndugu zake liwali, wasalimieni wote, wapeni maji, wapeni viti, lakini wasiwatume kazi.

Aliyenifundisha haya si liwali. Ni Maman Georgine, mkurugenzi wa ofisi ya jimbo, mama mfupi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Yeye alikuwa wa wale wa serikali. Maliwali walikuja na kuondoka, yeye alibaki na kikombe chake cha chai palepale. Mwanzoni alinidharau waziwazi. "Tena moja ya kuteuliwa," alisema nilipoingia. Kisha akaniona nafika mapema, akaanza kunionea huruma, na huruma yake ilikuwa ya kugomba.

Ndiye aliyenieleza remise na reprise. Wazazi wenu wanaijua. Kwetu mtu hatoki kazini kwa sababu tu amefukuzwa. Anamngoja anayechukua nafasi yake. Akifika, mnazunguka pamoja, mnagusa kila kitu: hii meza, hii mashine, hii gari haina taa moja. Anayetoka anataja, anayeingia anarudia. Mkimaliza, funguo inatoka mkononi kwa huyu na kuingia mkononi kwa yule. Mpaka hapo, kazi bado ni yako.

"Sikia, Kizito," Maman Georgine aliniambia. "Sahihi ya liwali njo inakuingizaka mu kazi. Lakini haikutoshake. Kenye kinakutoshaka ni remise. Liwali akianguka, na weye uko na kitu ya jimbo mu mukono, unaisimamia. Hata banakutukana. Hata haula."

Nilicheka. Eti sahihi inakuingiza kazini, lakini kinachokutoa ni remise tu: nilidhani ni maneno ya wazee wa ofisi.

Sasa nije Brussels. Hospitali moja ya huku ilikuwa inabadilisha vifaa vyake, ikakubali kulipatia jimbo letu vile vya zamani: vitanda vya kuzalishia, taa za chumba cha upasuaji, mashine ya kuchemshia vyombo, na jenereta kubwa ya kuendesha vyote hivyo. Kwa Wabelgiji ni vitu vya kuondoa njiani. Kwetu, katika hospitali kubwa ya jimbo, mama alizaa kwa mwanga wa tochi. Feza alimzaa mtoto wetu wa pili hivyo, na betri zikaisha katikati. Sauti ya mke wangu gizani siku ile bado naisikia. Kwa hiyo liwali aliposema anatafuta mtu wa kwenda kupokea vifaa na kuvisafirisha, sikungoja amalize. Aliniteua mjumbe wake, nikaja na Feza na watoto, tukapanga chumba na sebule kule Evere.

Siku ya kwanza nilikwenda ofisi ya commune, serikali ya mtaa, kujiandikisha, nimevaa costume ya cabinet, kifuani beji ya bendera. Nikasimama wima mbele ya dirisha nikatangaza: "Mimi ni mjumbe wa liwali." Mama wa dirishani aliniangalia kwa upole kabisa. "Vizuri sana, monsieur. Chukua tiketi, keti pale." Nikakaa. Akapita bibi mmoja na mbwa wake, akahudumiwa kabla yangu. Yule mbwa alinitazama kama ananipa pole. Nikavua beji siku hiyohiyo. Vijana, cheo cha kuteuliwa kinafungua milango ya kwenu tu. Kwingine kote unafungua kwa kufika saa uliyosema na kuleta ulichoahidi.

Vifaa tuliviweka katika depo kule mtaa wa Forest, karibu na reli. Mwenye depo alikuwa Willy, Mflamandi mnene, Kifaransa chake kilikuwa kigumu kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Alinikuta asubuhi moja ya theluji nimefika kabla yake, nafagia mlangoni, akanipa funguo bila kusema neno. Tangu siku hiyo depo lile likawa ofisi yangu. Tulibaki tunangoja ruhusa za bandari na kontena.

Halafu ikaja ile Jumapili. Tumetoka misa kule Molenbeek, watu wanasalimiana, akaja jamaa mmoja mbio kutoka kibanda cha simu. "Papa Kizito! Liwali yenu ameanguka! Balisoma ku radio!" Nusu ya watu walinishika mkono kama kwenye msiba. Nusu nyingine hawakunishika kabisa, walishaanza kuuliza mpya ni nani na anatoka upande gani. Feza alinivuta koti tukaondoka. Njiani nilijiuliza jambo moja tu: mimi ni nani sasa?

Jibu lilianza kuja haraka. Willy alinipigia simu: kuna lori mlangoni na bwana mmoja anapiga kelele. Nilikimbia kwenda Forest. Nikamkuta Crispin, mdogo wake liwali, aliyekuwa anauza magari ya mtumba na kuyapeleka Afrika. Kijana wa manukato na viatu vya ngozi ya mamba.

"Tonton Kizito, fungula. Tunapakia."

"Unapakia nini?"

"Ile vitu ya grand frère. Groupe iko na client tayari." Groupe ndiyo jenereta.

"Hakuna kitu ya grand frère humu, Crispin. Ni ya jimbo."

"Jimbo gani? Jimbo balimufukuza! Na weye balikufukuza naye. Uko nani hapa?"

"Niko mwenye funguo," nikamwambia. "Remise haijafanyika."

Alicheka mpaka akashika lori. Akaniuliza kama nadhani bado niko ofisini na chai ya Maman Georgine. Willy hakuelewa hata neno moja, ila alielewa mikono. Akaleta forklift yake, akaiegesha mbele ya mlango, akazima injini, akawasha sigara. Crispin akatukana kwa Lingala, akaondoka na lori tupu.

Baada ya siku chache simu ililia nyumbani. Alikuwa liwali mwenyewe, amepiga bila katibu, na hilo peke yake lilinitia uchungu.

"Kizito. Crispin anasema ulimufukuza."

"Sikumufukuza, Excellence. Nilimwambia vitu ni ya jimbo."

"Nani alikuteua?"

"Ni Excellence mwenyewe."

"Nani alikutuma kule?"

"Ni Excellence mwenyewe."

"Basi mimi mwenyewe minakuambia: fungulia Crispin. Niko na familia, Kizito. Nyumba balichukua. Niko nataka kutoka hii inchi, na sina kitu."

Eh, vijana. Huyu ndiye aliyenitoa kwenye chaki. Mama yangu alipougua, gari lake ndilo lililompeleka hospitali. Feza alikuwa amesimama karibu, anasikia kila neno, maana sauti ya liwali ilikuwa kubwa hata kwenye simu.

"Excellence," nikamwambia, "uliniteua nikubishie mulango ikiwa ya kufunga. Leo tuko babili tu ku telefone. Minasema hapana."

Akasema polepole: "Mi njo nilikufanya muntu." Akakata.

Nililia, siwafichi. Nilimwambia Feza labda tumpe jenereta tu, vitanda vibaki, tugawane dhambi. Alinigeukia na mwiko mkononi.

"Bila groupe taa itawaka na nini? Na mate? Tochi ilinizimikia mimi, Kizito, haikukuzimikia weye. Ukitoa ile groupe, ulale kule kule Forest."

Mkitafuta aliyeshikilia depo lile, mtafuteni mke wangu.

Basi nikangoja aliyeteuliwa kunipokea. Nikangoja, nikangoja. Mshahara ulikatika siku liwali alipoanguka, nikapata kazi ya kupakua masanduku ya mboga asubuhi katika soko la jumla, kisha napanda tram kwenda Forest. Jenereta haipendi kulala; lazima uiwashe mara kwa mara, uangalie mafuta, uisikilize inavyopumua, uizime. Magodoro lazima uyageuze, panya wa Ulaya nao wanapenda kujenga. Willy alinifundisha kupaka grisi, mimi nikamfundisha kula pilipili. Kati yetu wawili yeye ndiye aliyeumia zaidi.

Watu wetu hawakunielewa. Kule kanisani wa upande wa liwali waliniita asiye na shukrani. Wa upande mwingine waliniita mwizi anayengoja bei ipande. Nilikwenda kwa mapadre waliokuwa na phonie, ile redio ya kuzungumza na misheni za kwetu, nikampata Maman Georgine kwa shida, sauti yake inapotea na kurudi.

"Huku banasema uliisha kuuzisha yote," akaniambia.

"Na weye, maman, unasema nini?"

"Minabaambia batume muntu wa kupokea. Liwali mupya anaogopa, anazani uko mutego ya yule wa zamani. Nitamusumbua. Usitoke hapo, Kizito. Unanisikia? Usitoke!"

Sikutoka.

Katikati ya kungoja huko, liwali wetu alifanikiwa kukimbia nchi, na Mungu anavyopenda mchezo, alipata nyumba Evere, mitaa michache tu kutoka kwetu. Nilimwona kituo cha basi, amevaa koti kubwa lisilo lake. Aligeuza uso. Mimi nilitaka kwenda kumwamkia, moyo uliniuma kweli, lakini sikwenda. Niwaambie kwa nini. Nilijua nikiingia kwake na funguo mfukoni, ataniomba tena, safari hii uso kwa uso, na nitampa. Ninajijua. Wakati mwingine ili umkatae mtu ni lazima uwe mbali naye. Kwa hiyo kila nikiliona lile koti, nilibadilisha njia, na kila nikibadilisha njia niliona aibu.

Mwishowe Maman Georgine alimsumbua liwali mpya vya kutosha. Akateuliwa mjumbe mwingine, Maître Bahati, wakili, kijana wa miwani. Alikuja Forest amekunja mikono, na uso wa mtu anayetarajia kukuta depo tupu. Nilifungua mlango. Akasimama kizingitini muda mrefu.

"Viko?" akauliza.

"Viko. Vua glavu, Maître. Tunagusa kimoja kimoja."

Baridi ilikuwa kali, chuma kilikuwa kinauma vidole. Alitaka tumalize kwa macho. Nikakataa. Nikataja kitanda, akagusa, akarudia. Nikataja taa, akagusa, akarudia. Tulipofika kwenye jenereta nilimwambia aiwashe yeye mwenyewe. Ilikohoa, ikaunguruma, Willy akapiga makofi, na Maître Bahati akavua miwani akaifuta. Nikamwekea funguo kiganjani.

"Sema kitu kimoja, Papa Kizito," aliniambia tulipotoka. "Aliyekuteua alianguka. Wa kwangu hakukuteua. Miezi yote hii, ulikuwa mtu wa nani?"

"Wa wale wanaozaa gizani," nikamwambia. "Sasa ni zamu yako. Kontena likichelewa, yageuze magodoro."

Halikuchelewa sana. Maman Georgine alikuja baadaye kwenye phonie kutuambia taa zimewaka, na kwamba Maître aligombana na bosi wake mpya aliyetaka jenereta ipitie kwanza nyumbani kwake. Mlango ulikuwa umefungwa, alisema, lakini korido nzima ilisikia. Nilifurahi kuliko siku niliyoteuliwa.

Mnaniuliza kama nilijuta. Sikujuta hata kidogo, na leo nikirudishwa pale nitafanya vilevile. Lakini msidhani kazi hii inakwisha unapotoa funguo. Kuna deni la mtu kwa mtu, na hilo hakuna liwali mpya wa kukupokelea.

Siku iliyofuata baada ya remise, kabla hata kontena halijaondoka, nilivaa koti, nikanunua makayabu, wale samaki wa chumvi anaowapenda, nikaenda kwake. Nilipanda ngazi huku naomba asiwepo. Nikapiga mlango. Akafungua mwenyewe. Alikuwa amekonda, sweta imetoboka kiwiko. Kitu cha kwanza alichotazama ni mikono yangu.

"Funguo iko wapi?"

"Nilishaitoa, Excellence. Jana. Tulifanya remise."

Nilisubiri anifungie mlango usoni, haki yake.

"Nilikuwa na bashauri," akasema. "Nilikuwa na protocole, secrétaire, chauffeurs. Bote nilibateua na hii mukono. Tangu nifike hapa, hata mumoja hajapiga ku hii mulango. Na weye, mwenye ulinikatalia, njo unakuya?"

"Kazi iliisha jana, Excellence. Leo nimekuja kukusalimia."

Akanitazama. Kisha akaniacha pale, mlango wazi, akaingia ndani. Nikasikia anasogeza vitu, kitu kikaanguka, akalaani. Akarudi amebeba kiti, mwenyewe, kwa mikono miwili, akakiweka karibu na cha kwake.

"Ikala," akasema.